Nyumba ya milioni 42 karibu na bahari, na soketi zote ziko juu

Shikamoo Shangazi,

Samahani ntaandika ndefu maana hili jambo nimekaa nalo wiki mbili na mtu wa kumwambia sina, dada yangu nikimwambia atamwambia mama na mama atampigia mume wangu simu, basi itakuwa vita.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Tegeta vyumba viwili, laki mbili kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Mwaka huu kapandisha, alafu kuna siku alimfokea mume wangu mbele ya watoto kisa bili ya maji. Toka siku hiyo Baba Nasra hana amani, akirudi kazini ni simu mkononi anatafuta nyumba, usiku saa sita unamkuta anaangalia picha za nyumba za watu.

Sasa mwezi huu wa saba dalali kamletea nyumba iko Boko, upande wa chini kuelekea baharini. Shangazi nyumba ni nzuri siwezi kusema uongo, vyumba vitatu kimoja masta, bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu, tailizi mpaka jikoni. Wanataka milioni 42. Nyumba ya hivo huko juu karibu na lami usipokuwa na 80 hawakupokelei hata simu. Tulienda jumamosi, upepo mzuri wa bahari, majani ya kijani kabisa wakati huku Tegeta kote pamekauka, watoto wakafurahi wakawa wanakimbiza kaa nyuma ya jiko, Nasra alilia wakati wa kuondoka.

Ila kuna vitu vilinikaa vibaya. Soketi za umeme zote ziko juu, mimi zinanifika kifuani, mwenye nyumba akasema aliweka hivo sababu ya watoto wasichezee umeme. Ukuta wa ndani nusu ya chini umepigwa rangi ya mafuta ya kahawia, mpya kabisa, inanukia, juu nyeupe, akasema ndo fasheni. Pale mlangoni kuna tofali mbili zimejengwa kwa kukatiza, ukiingia unaruka. Jirani wa kushoto kafunga nyumba, nyasi zimefika dirishani. Wa kulia ni mama mmoja anauza vitumbua, nikamsalimia nikamwambia tunakuja kuwa majirani akasema karibuni sana, mkija mje na mabuti, akacheka, na dalali nae akacheka, mimi peke yangu ndo sikucheka.

Nikamuuliza dalali maji yanaingia? Akasema mama, Dar gani haina maji, hapa yanapita siku mbili yanaenda zake baharini si unaona bahari ile pale, alafu serikali siku ikitaka eneo watawalipa fidia kama walivyolipwa wa Jangwani, hapo ni hela mnazika ardhini. Baba Nasra njia nzima kurudi anarudia maneno hayo hayo. Anasema maji ni siku mbili kwa mwaka, kodi ni kila mwezi, wewe unachagua kipi? Na mimi jibu sikuwa nalo.

Juzi nafua suruali yake nikakuta karatasi mfukoni, kumbe kashatoa kishika uchumba milioni 2! Hajaniambia. Karatasi imeandikwa kwa mkono, sahihi yake, ya muuzaji na ya dalali, inasema iliyobaki ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Mahesabu ni hivi, SACCOS ya kazini kwake wanampa 18, akiba yetu ipo 10, inabaki 12, na hiyo 12 anataka niuze kiwanja cha Vikindu alichoniachia marehemu baba. Muuzaji hana hati, ana karatasi ya serikali ya mtaa, anasema hati inashughulikiwa.

Shangazi niuze kiwanja cha baba? Nikikataa milioni 2 imeenda na mume wangu ataona nimemkatisha tamaa, maana anataka tu watoto wake wasifokewe kwao. Nikikubali naogopa. Nishauri kama mwanao.

Mama Nasra, Tegeta

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, na nikwambie ukweli, majibu yote umeshayaandika mwenyewe humo ndani, we hujataka tu kuyaamini. Soketi kifuani ni alama ya maji. Fundi umeme wa Dar anaweka soketi chini, sentimita 30, 40 hivi toka sakafuni, akiweka kifuani nyumba nzima ujue kaambiwa, na alieambia alikuwa ameshaunguza friji. Mwenye watoto ananunua vizibo vya plastiki dukani, hapandishi nyumba nzima. Rangi ya kahawia nusu ukuta ni ya kuficha mstari, na uzuri wa rangi ya mafuta maji yakiondoka unaifuta kwa kitambaa ukasahau. Tofali mbili mlangoni sihitaji kukueleza.

Alafu kaa. Hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kaa hachimbi shimo pakavu mwanangu, anachimba mpaka akute maji, sasa kama mwezi wa saba katikati ya kiangazi kaa yuko nyuma ya jiko, maji yako chini ya hiyo tailizi hapo hapo, hayajaenda popote. Na majani ya kijani ni hayo hayo.

Kwahiyo swali la kwamba yanaingia au hayaingii limeshaisha. Maswali yaliyobaki ni yanafika wapi, yanakaa muda gani, na nani yuko tayari kukwambia.

Nakuandikia haya kama mtu aliyelala juu ya bati. Desemba 2011 nilikuwa Kigogo, bondeni, chumba na sebule vya kwangu kabisa, nilinunua kwa bei poa na mimi, na mimi niliambiwa yanapita. Ile mvua ya tarehe 20 watu wa hali ya hewa walisema Dar haijawahi kuona kama hiyo toka 1954, walikufa watu 40 na zaidi. Usiku nasikia kitu kama mtu anakokota gunia nje, kumbe ndo mto Msimbazi unapita barazani. Majirani zangu wengine walipelekwa Mabwepande, hapo hapo upande wenu, ukitoka Bunju unapandisha, wengine wakauza vile viwanja wakarudi bondeni maana kazi ziko mjini, na siwalaumu. Alafu Desemba 2015 ikaja bomoabomoa, ukuta unaandikwa X nyekundu asubuhi, jioni hakuna ukuta.

Ndo maana huyo dalali wako kanikera zaidi pale kwenye fidia. Hao wa Jangwani na wenzao wa Bonde la Msimbazi waliolipwa hivi karibuni wamelipwa kwa sababu kuna mradi mkubwa wenye mkopo wa Benki ya Dunia unaotaka lile bonde, na masharti ya mkopo yanataka watu walipwe wanaohamishwa. Wale wa 2015 bonde ni hilo hilo, mto ni ule ule, na wengi waliondoka na mabati kichwani tu. Sasa wewe Boko nani kakuahidi mradi? Dalali anakuuzia fidia ambayo hata haijafikiriwa.

Tuje kwa hoja ya mumeo, maji siku mbili, kodi kila mwezi. Ni hoja nzuri, usimdharau. Ila inategemea ile siku mbili iwe kweli siku mbili, na huko mliko ndipo pana tatizo lake. Kigogo maji yalikuja kwa hasira na yakaondoka, ni mto. Ukanda wenu wa chini kuanzia Kunduchi mpaka Boko ni tambarare, maji yanashuka toka huku juu kwenye vilima vilivyojengwa vyote, hakuna pa kunywea, barabara imekaa katikati kama tuta, na njia za zamani za maji kwenda baharini watu wamezijengea kuta. Yakifika yanasimama. Waulize watu wa Basihaya, hapo hapo jirani na Boko, wao sio kwamba walikimbia mto, walikimbia bwawa, kuna nyumba zilikaa ndani ya maji miezi. Huyo jirani wako wa kushoto mwenye nyasi dirishani unadhani kaenda likizo?

Na hilo la bahari ile pale, eti yanaenda zake baharini. Mtu wa pwani anajua bahari nayo ina siku zake. Mwezi ukiandama na mwezi mpevu ni bamvua, huku kwetu tofauti ya kupwa na kujaa inazidi mita 3, sasa mvua kubwa ikiangukia bamvua, bahari imejaa, mdomo wa mkondo umezibwa na maji ya chumvi, ya mvua yataenda wapi? Yanageuka yanarudi kwenu. Na yakichanganyika na chumvi ndo balaa la pili, chumvi inapanda ukutani taratibu hata kiangazi, plasta inavimba inamwagika unga, nondo inaoza ndani huioni. Ukirudi pale kwaruza kidogo ile rangi nyuma ya mlango, chini kabisa, uone kama kuna unga mweupe.

Choo je? Hakuna mtu anauliza choo. Shimo likiwa ndani ya maji ya ardhini halinywi, linarudisha. Nenda kwenye kisima chochote cha karibu uchungulie maji yako umbali gani toka juu, kama sasa hivi kiangazi ni mita moja na kitu basi masika yatakuwa usoni, na choo chako cha masta chenye tailizi kitakuwa kinacheka na wewe. Ndo kipindupindu kinapoanzia hapo na sio kwamba watu ni wachafu.

Najua Baba Nasra atasema tutainua, tutaleta kifusi. Haya tupige hesabu, kiwanja cha mita 20 kwa 20 ukitaka kukiinua nusu mita tu ni kyubiki 200, fuso la kyubiki 7 ni tripu karibu 30, na hujashindilia. Alafu umeinua uwanja, nyumba imebaki chini, umejitengenezea bakuli. Uinue na sakafu? Dari haijasogea, madirisha yanakuwa magotini. Na ukishainua maji yako unampelekea mama vitumbua, nae mwaka kesho analeta kifusi anakurudishia, nimeona mitaa watu hawasalimiani kwa sababu ya kifusi, kila mtu anapanda juu mwenye hela kidogo ndo anabaki shimoni.

Karatasi sasa. Ile ya serikali ya mtaa inasema tu kwamba mwenyekiti na wajumbe wameshuhudia watu wawili wakiuziana, haisemi kwamba pale panaruhusiwa kujengwa. Kabla ya shilingi nyingine kutoka, nendeni manispaa Kinondoni kwa watu wa mipango miji na namba ya kiwanja, au hata kama hakina namba nendeni na mahali kilipo kwenye simu, muulize kwenye ramani pale pameandikwa nini, makazi, eneo la wazi, au njia ya maji. Wakisema hati inashughulikiwa mwambie akupe namba ya faili ukaliulizie ardhi mwenyewe. Na mpime. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukwe au kingo ya mto, pima toka maji yanapofika yakijaa, usipime toka yalipokimbilia yakiwa yamekupwa, na kama kuna mkondo uliokauka pembeni ukaudharau kwa sababu saa hii wanacheza watoto mpira, huo ndo upime kwanza. Mito ya upande wenu watu wanachota mchanga usiku kucha, kingo zinakatika, leo una mita 70 baada ya masika mbili una 55 na X ya mlangoni juu. Ukiona mikoko, usipime, geuza.

Na kitu kimoja, mke wa muuzaji yuko wapi? Hujamtaja. Nyumba ya familia kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haiuzwi bila mwenza kuridhia, mkishalipa milioni 42 akatokea mama na watoto wake wanne mnaanza mahakama.

Kiwanja cha Vikindu usiuze. Hapa sizunguki. Sio kwamba nyumba ya pwani ni dhambi, ila unataka kubadilisha kitu kikavu chenye jina lako na kitu chenye maji ambacho hata jina la muuzaji halijulikani lipo wapi. Kama mumeo ana 18 ya SACCOS na mna akiba 10, mnaweza kuanza chumba na sebule Vikindu bila kuuza chochote, najua Vikindu na kazi yake Tegeta ni mbali sana na foleni hiyo ni ya kufa mtu, labda kipangishwe hiko kiwafidie kodi ya Tegeta. Au tafuteni kiwanja kidogo huku juu Mabwepande kwenyewe, nyumba ya tofali za kuchoma na bati la kawaida, haina aluminiamu ila soketi ziko chini.

Kuhusu milioni 2. Nataka uione vizuri hiyo tarehe ya karatasi, kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Vuli inaanza wa kumi. Muuzaji anaijua kalenda kuliko nyie. Basi mtumie kalenda hiyo hiyo, mwende wote wawili mkamwambie hivi, tumeipenda nyumba, tunaitaka, ila hela ya SACCOS inachelewa, tunaomba tupange humu humu toka wa kumi mpaka mwisho wa wa tano, kodi tutalipa na ile milioni 2 ihesabiwe humo, Juni tukiwa bado tunaipenda tunamalizia. Mtazame usoni wakati mnasema. Akikubali bila kujikuna, mmepata kuishi vuli na masika nzima kwa kodi, mtajua kila kitu, vitu vyenu vya thamani mviache kwa ndugu. Akianza ooh kuna mteja mwingine ana keshi, mwambieni basi ampe huyo mteja na arudishe milioni 2, na karatasi hiyo ya mkono kama haijaandikwa kwamba hairudishwi mna pa kusimamia, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, dalali awepo. Mnaweza kupata yote, mnaweza kupata nusu. Hata msipopata kitu, milioni 2 ni kodi yenu ya miezi kumi, inauma, lakini 42 ni ya miaka 17 na nusu.

Na mumeo. Usimwambie nimekuta karatasi mfukoni nafua, utamfanya ajitetee na akijitetea atanunua. Huyo mtu hatafuti nyumba, anatafuta siku ambayo hatafokewa mbele ya Nasra, na umeliona hilo mwenyewe ndo maana nakuheshimu. Mwambie jumapili twende tena Boko, bila dalali, jioni, tukale vitumbua. Dalali asijue kabisa. Nunueni vya elfu tatu mkae kwenye benchi la yule mama, na usimuulize kama maji yanaingia, maana jirani haharibu biashara ya jirani mwenzie. Muulize mwaka ule wa mvua kubwa, ile ya 2024, we ulihamia wapi? Alafu unyamaze, mwache Baba Nasra ndo asikilize. Muulizeni na bodaboda wa kijiweni mwezi wa nne huwa anaishia wapi kushusha abiria. Na watoto wa pale, mtoto hana kamisheni, mwambie nioneshe maji yalifika wapi atakuonesha kwa mkono ukutani.

Aliyekupa jibu la kwanza la kweli siku ile ni huyo mama, kakwambia mje na mabuti. Nenda kamalizie maongezi, na beba futi upime soketi na mwisho wa ile rangi ya kahawia, uniandikie ni sentimita ngapi.

Shangazi